Miraba Minne ya Mwalimu

Kitinda aligundua kwa vidole kabla hajagundua kwa macho. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, naye amesimama jikoni kwa dada yake, bado amevaa aproni ya kazini yenye vipande vya uzi wa bluu kila mahali. Mkanda wa shanga ulikuwa umetandazwa mezani, umekunjwa mara kadhaa kwa sababu meza haikuutosha. Alikuja kuuchukua tu. Akaupitishia kiganja taratibu, kama mtu anavyompapasa mtoto kichwani akirudi shule, na katikati ya mkanda kiganja kikateleza.

Pale palikuwa laini mno.

Mtu aliyeshona kola za sare za shule kwa miaka kumi na tisa hana haja ya kuambiwa. Uzi wao ulikuwa wa pamba, waliupaka nta, ukikaa kwenye kitambaa unakwaruza kidogo. Huu ulikuwa wa nailoni. Akainama. Palipokuwa na miraba minne aliyoijua kama anavyoyajua meno yake mwenyewe, sasa palikuwa na maua manne. Mekundu, kila moja petali tano, kila moja na jani lake la kijani upande wa kulia. Mazuri. Yangependeza sana kwenye kitambaa cha kochi.

"Dada," akasema. "Hapa pamekuwaje?"

Dada yake alikuwa kwenye sinki, anasuuza chupa ya chai. Hakugeuka. "Palikuwa pamelegea, nikaparekebisha. Kaa kwanza unywe chai, maana najua umetoka kazini hujatia kitu tumboni."

"Miraba minne imelegea? Mfululizo?"

Maji yakaendelea kutiririka.

Asiyeujua ule mkanda angeshangaa. Angesema watu wazima hawa, mmoja ana arobaini na moja, mwingine hamsini na mbili, wanagombania shanga. Kwa hiyo ni lazima aelezwe ulikuwa nini.

Mama yao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka thelathini na miwili alifundisha watoto wa watu kusoma, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mwalimu. Mdomo wake haukuwa na Jumapili. Alisahihisha matangazo ya dukani. Alisahihisha hotuba za wageni waheshimiwa wakiwa bado wamesimama. Barua ya kwanza ya uchumba aliyoandikiwa binti yake mkubwa aliifungua, akaisahihisha kwa wino mwekundu, akamrudishia mwenyewe na alama kumi na moja kwa ishirini.

Kisha asubuhi moja kiharusi kikamwangusha bafuni. Kikamchukua upande wote wa kulia na ulimi. Akili kikaiacha nzima, na hilo ndilo lililouma kuliko yote: Mwalimu alikuwa mle ndani, anaona kila kosa, na hawezi kusahihisha hata moja. Hata alipopewa kalamu, herufi hazikumjia.

Watoto wake walikuwa watatu. Dada, mkubwa, alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, mtu wa zamu, leo asubuhi kesho jioni. Kaka alifuata, ndugu walimwita Mhandisi kwa sababu alijenga madaraja, na aliishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi na saa moja na nusu kwa ndege. Wa mwisho alikuwa kitindamimba, ambaye jina hilo lilifupishwa likamganda, na ndiye aliyebaki nyumbani na mama.

Mtaalamu wa viungo wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kamanda, alisema mgonjwa apewe vitu vidogo avidonoe kwa mkono mzima: maharage, vifungo, chochote. Kitinda akakumbuka mfuko wa shanga uliobaki baada ya kushona gauni la bibi harusi mmoja. Akazimwaga kwenye sahani. Mwalimu aliiangalia ile sahani kama alivyokuwa akiangalia daftari chafu. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, mkono uleule aliokuwa akiwakataza watoto kuandikia, akadonoa ushanga mweusi, akadonoa wa bluu, akadonoa mweusi mwingine. Akazipanga mezani. Akanyoosha kidole dirishani.

Nje wingu la mvua lilikuwa limepasuka katikati.

Ilikuwa wiki ya tano tangu Mwalimu aseme neno. Kitinda alilia kwanza, kwa sauti, bila aibu. Kisha akachukua sindano.

Hivyo ndivyo mkanda ulivyoanza. Kitambaa kigumu, upana wa kiganja, na kila siku mraba mmoja wenye ukubwa wa kibiriti. Mwalimu alichagua shanga. Binti aliyekuwepo alichora kwa chaki ya fundi alichodhani kimesemwa, na Mwalimu akaitika kwa kichwa au akakitikisa. Akitikisa, kilifutwa na kuchorwa kingine, mpaka aitike, ndipo kishonwe. Siku nyingi alishona Kitinda. Siku za mapumziko ya Dada alishona Dada, na miraba yake ilinyooka kuliko ya fundi mwenyewe. Jumapili baada ya chakula cha mchana mama na binti zake wawili walikaa mezani, Mwalimu akapitisha kidole juu ya wiki nzima, nao wakasoma kwa sauti. Wakikosea, aligonga meza. Walifundishwa kusoma upya, mabibi wazima.

Na walicheka. Yupo daktari mmoja mwenye kidevu kilichochongoka na ndevu chache, aliyependa kuzungumza juu ya Mwalimu kama vile hayupo chumbani. Siku ile Mwalimu alichagua nyeupe na kijivu, akatikisa kichwa mara tisa mpaka Kitinda alipochora mbuzi. Aliitika, akacheka mpaka mate yakamtoka. Upo mraba wa kiti cha magurudumu ambacho Kaka alikituma kwa gari la mizigo, kiti cha maana, kinang'aa, ila kilikuwa kipana kuliko mlango wa chumba. Kwenye shanga kimekwama mlangoni na kitakwama hapo maisha. Na upo mraba mweupe mtupu, Dada aliushona siku vidonda vya mgongoni vilipofunga.

Sheria ilikuwa moja, na aliiweka Mwalimu mwenyewe: hakuna kufumua. Kitinda alipokosea mara ya kwanza na kuchukua mkasi, mama yake alimkamata kifundo cha mkono kwa ule mkono wa kushoto, akakishikilia mpaka mkasi ukarudi mezani. Yeye aliyefuta ubao kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na miwili sasa hakutaka kufutiwa kitu.

Kila mtu alikuwa na rangi yake. Ya Kaka ilikuwa manjano, kwa sababu alizaliwa na umanjano, akalazwa wiki nzima. Mwalimu aliisimulia habari hiyo hata siku ya harusi yake, bwana harusi akatamani ardhi ipasuke. Basi mwezi wa nne wa ugonjwa Kaka alipiga simu, simu ikawekwa sikioni kwa mama, na wote waliokuwepo wakasikia: "Mama, kesho nakuja. Kesho Ijumaa, Mungu akipenda."

Siku ile Mwalimu alidonoa shanga kumi na moja za manjano na hakutaka kuchanganyiwa na rangi nyingine yoyote. Huo ulikuwa mraba wa kwanza.

Ijumaa yenyewe alikaa kwenye kiti akiutazama mlango. Huo ulikuwa mraba wa pili: kiti cha kahawia na mlango wazi, bila manjano hata punje. Jumamosi ulikuja ujumbe kwenye simu, kazi zimebana, labda mwezi ujao. Mwalimu akachukua ushanga mmoja wa manjano, akauinua machoni, akauachia ukadondoka sakafuni. Kitinda aliuokota na kuushona nje ya mraba, pembeni kabisa kwenye pindo, na mama akaitika. Jumapili aliisukuma sahani. Hakuchagua kitu. Kitinda akashona mpaka tu wa mraba, ndani akaacha tupu.

Mwezi ujao haukuja. Mwalimu alifariki kwenye mraba wa mia mbili na kumi na nne.

Kaka alifika mazikoni na miwani myeusi, akahutubia dakika ishirini, na katikati ya hotuba akasema, "tulivyomuuguza Mama." Kitinda alikuwa mstari wa pili. Aliisikia ile "tu" ndogo iliyojibanza ndani ya neno, akaimeza kama mwiba wa samaki. Baadaye Kaka aliuona mkanda ukutani, akauliza ni nini, akaupiga picha. Na miezi miwili baada ya hapo akampigia Dada: nyumba yake mpya imekwisha, anautaka mkanda sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, wageni waone jinsi Mama alivyoenziwa. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuuchukua.

Kitinda alikubali. Dada alishangaa alivyokubali upesi. Kitinda alimpelekea Dada mkanda auwekee bitana kwa nyuma, maana mkono wa Dada ni mwepesi, na ule mkanda ukakaa kwake siku kumi.

Sasa maji yalikuwa yamefungwa, na Dada amegeuka, anafuta mikono kwenye taulo ambayo ilikuwa imelowa kuliko mikono.

"Alinipigia akiwa na zile picha," alisema. "Akauliza kile kiti cha kahawia ni cha nini. Nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli, mdogo wangu, ningemwambia nini? Naye akasema, 'Basi siwezi kukitundika hicho kitu ukutani kwangu, Dada. Watoto wataniuliza.'"

"Si waulize!"

"Kitinda."

"Waulize! Midomo si wanayo? Bibi yao ndiye hakuwa nao!"

Dada akavuta kiti, hakukaa. "Kaka tunaye mmoja tu. Mama ameshaondoka. Tukianza kunyoosheana vidole, kesho tutabaki na nani? Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu ni nani hapa? Mama?"

"Usinigeuzie maneno."

"Nakuuliza. Aliyefunikwa ni Mama." Sauti ya Kitinda ilikuwa imeanza kupanda na hakuwa na nia ya kuishusha. "Ile Ijumaa wewe ulikuwa zamu. Mimi ndiye nilikuwa naye. Alikaa kwenye kile kiti tangu saa mbili asubuhi. Hakula. Nilipotaka kumpeleka chooni alishika mlango kwa mkono wake mmoja, akakataa, asije Kaka akafika asimkute. Nilipomwinua magharibi alikuwa amejikojolea, Dada. Mwalimu. Amejikojolea na hataki kunitazama. Mimi kile kiti nilikishona mikono yangu ikinuka mkojo wa mama yangu, halafu wewe umeweka ua."

Dada aliziba mdomo kwa taulo.

"Shanga ziko wapi?"

"Zipi?"

"Ulizozitoa! Ziko wapi?"

Macho ya Dada yalikwenda kwenye pipa la taka kando ya mlango. Lilikuwa tupu, na mfuko mpya. Gari la taka lilipita Jumatano.

Kitinda akacheka, kicheko kibaya ambacho yeye mwenyewe hakukijua. "Kiharusi kilimfunga mdomo mara ya kwanza," akasema. "Mara ya pili umemfunga wewe. Na umetumia uzi mzuri."

Hapo Dada naye akawaka. Aliibamiza chupa ya chai mezani mpaka kifuniko kikaruka. "Usijifanye ni wewe peke yako uliyekuwa na mama! Vile vidonda nani aliviosha? Wewe ulikuwa unatoka nje kutapika! Na unadhani sikujua kwa nini ulikubali upesi hivyo mkanda uende kwake? Ulitaka awe analambwa kofi kila akikaa kula. Sebuleni kwake, mbele ya mkewe na wanawe. Ndiyo au siyo?"

Ilikuwa ndiyo, na Kitinda alijua. Alikuwa amewaza hivyohivyo, neno kwa neno, na hakumwambia mtu.

"Ndiyo," akasema. "Lakini kofi lilikuwa la Mama. Sikulitunga mimi."

Akauviringisha mkanda, akautia kwapani, akatoka. Njiani alisalimiwa na watu watatu na hakumwitikia hata mmoja. Watu walimsamehe, wakidhani ni msiba.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka mapema, akafungua dirisha apate mwanga, akaanza kuyatoa maua. Alikata uzi mmojammoja. Alikuwa akiongea peke yake, maneno ambayo Mwalimu asingeyapa alama hata moja. Maua yalipokwisha, kitambaa kilibaki kimejaa matundu ya sindano, ya kwao na ya Dada yakiwa yamechanganyika, na hakuna macho ambayo yangeweza kuyatenga.

Mfuko wa shanga ulikuwepo. Manjano zilikuwepo, nyingi tu. Alizimwaga kwenye sahani, akahesabu kumi na moja, akatia uzi kwenye sindano. Alikumbuka kila kitu: kiti, mlango, ushanga wa pembeni. Angemaliza kabla ya saa nne. Lakini mkono ulipofika kwenye sahani ukasimama. Mwalimu ndiye aliyekuwa akichagua. Akichagua yeye, hata akichagua zilezile, zitakuwa za Kitinda, na Kaka atakuwa na haki ya kusema, haya ni maneno yako. Alikaa pale na sindano mkononi, hasira ikampanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Akazirudisha shanga mfukoni. Miraba minne ikabaki tupu, na matundu yake.

Kaka alifika saa nne na nusu, Dada yuko nyuma yake, macho yamevimba. Alikuwa na futi ya kupimia mfukoni na manukato yaliyotangulia mlangoni. "Kitinda wetu!" akasema, akafungua mikono.

"Kaa," Kitinda akamwambia. "Nataka nikusomee."

"Nina ndege saa tisa, lakini..."

"Tutamaliza."

Akautandaza mkanda mezani, akaanza na wingu la mvua. Alimsomea siku baada ya siku, kidole juu ya kila mraba, vilevile walivyokuwa wakisomeshwa Jumapili. Siku Mwalimu aliposhika kijiko mwenyewe. Siku majirani walipokuja kumwombea wakaishia kugombana wenyewe kwa wenyewe. Alipofika kwenye mbuzi, Kaka alicheka kwa dhati, akapiga goti lake. Alipofika kwenye kiti cha magurudumu kilichokwama mlangoni, alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. Dada alikuwa amesimama, ameegemea ukuta, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Kidole cha Kitinda kikasimama kwenye kitambaa kitupu.

"Hapa mbona hakuna kitu?" Kaka akauliza.

"Hapa ulikuwa wewe."

Akamweleza. Hakupunguza kitu: shanga kumi na moja, mlango, mkojo, ushanga uliodondoshwa, sahani iliyosukumwa. Alieleza pia ni nani aliyeifumua miraba na kwa ajili ya nani. Kaka alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile.

"Tulikuwa tunamwaga zege wiki ile," alisema. "Zege halisubiri."

"Mama alisubiri."

"Unadhani sikutaka kuja?" Sauti yake ilikwaruza. "Tiketi nilikata. Uwanjani nilifika, nikakaa kwenye benchi, na begi langu. Nikawa naisikia sauti yake, ile ya kuita majina asubuhi. Nikasema, nikimwona amenyamaza, sauti ile itanitoka kichwani na sitaipata tena. Wakatangaza ndege. Nikainuka nikarudi nyumbani. Niliogopa, Kitinda. Haya, umefurahi?"

Dada alianza kulia pale ukutani. Na Kitinda alihisi kitu ndani yake kikitaka kulegea, akakikataza.

"Sisi pia tuliogopa," akasema. "Tuliogopa huku tunambadilisha shuka."

"Unataka nifanye nini sasa? Nipige magoti? Sema."

"Nataka uache kusema tulimuuguza. Sema walimuuguza. Ni herufi mbili tu. Mwalimu asingekuachia hilo kosa."

Kaka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake na hakukiinua. "Umekuwa hakimu siku hizi. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo hivyo?"

"Umeisema mwenyewe."

"Alikuwa mama yangu pia!"

Ilikuwa kweli, na ilimchoma Kitinda, na kwa kuwa ilimchoma alijibu polepole kuliko yote aliyosema siku ile. "Ndiyo. Ndiyo maana alikusubiri."

Kaka alimtazama Dada kama vile anatarajia msaada kutoka huko, na Dada, ambaye maisha yake yote alikuwa wa kwanza kusema jamani jamani yaishe, safari hii alitazama sakafu. Mkanda haukwenda popote. Kaka alitoka na futi yake mfukoni. Walimsikia akifunga mlango wa gari mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukushika.

Baada ya hapo Kitinda hakuzungumza na dada yake kwa wiki sita. Simu alikuwa akiiona ikiita, anaigeuza kifudifudi. Kiwandani aliharibu kola arobaini za shule moja, akazishona ndani nje, msimamizi akamuuliza kama anaumwa, naye akamjibu kwamba haumwi, ana hasira tu, na msimamizi akaona afadhali asogee. Alikuwa na hasira na birika. Alikuwa na hasira na lile kochi ambalo sasa lilikuwa na nafasi. Kuna siku alitamani kuwa na hasira na Mwalimu mwenyewe, kwa kumsubiri mtu wa namna ile ilhali ana wawili waliokuwepo, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumapili ya wiki ya saba, baada ya chakula cha mchana, Dada alisukuma mlango bila kubisha. Alitoka zamu, bado ana sare ya wodi na viatu vyeupe. Akavuta kiti chake cha siku zote.

"Nilitumia wembe wa upasuaji," akasema, kabla hata ya salamu. "Nilianza na kile kiti. Nimekaa wiki saba nakumbuka, na unajua kinachonitisha ni nini? Mkono haukutetemeka. Nilikuwa nakata huku nawaza maua ya rangi gani." Akavuta pumzi. "Nilimkosea Mama. Na wewe nilikukosea. Naomba unisamehe."

"Sijakusamehe."

"Sawa."

"Siyo leo. Labda siyo mwaka huu."

"Nimesema sawa. Nisimulie tu zile siku nne. Nilikuwa zamu, nyingi nimezisikia ukizisema kwa kelele. Nisimulie kama unanisomea."

Kitinda alimsimulia, na kelele zilikuwepo. Mara mbili alinyanyuka akazunguka chumba. Dada hakujitetea, hakusema hata mara moja kwamba yote yamepita. Yalipokwisha, Kitinda alikwenda kabatini akauleta mkanda. Miraba ile minne walikubaliana isiguswe. Wa kuichagulia hayupo. Lakini mwishoni, baada ya mraba wa mia mbili na kumi na nne, kitambaa kilikuwa bado kirefu.

"Nina siku yangu ya kuweka," Dada akasema. "Ile niliyofumua."

Sahani ikaletwa. Dada alidonoa nyekundu, akadonoa kijani, akadonoa kijivu ya chuma, na Kitinda akachukua chaki akachora. Ua moja, na wembe umepita katikati. Dada akatikisa kichwa: wembe haukuwa hivyo. Kitinda akachora tena.

"Hiyo ni ndizi," Dada akasema.

"Chora mwenyewe basi."

"Mkono wangu wa kushona, siyo wa kuchora."

"Mkono wako nimeshauona kazi yake."

Dada akafuta mchoro kwa kidole. Mara ya nne wembe ulikaa vizuri, na Dada akaitika. Alishona mpaka saa kumi na mbili, kwa uzi wa pamba, na Kitinda alikaa upande wa pili akimpakia uzi nta, kwa sababu kazi ni kazi.

Wakati wa kuondoka Dada alisimama mlangoni, mkoba begani. "Jumapili nije?"

Kitinda alikuwa akiokota punje zilizodondoka. "Nikikuona bado nakasirika," akasema. "Nakwambia usije ukadhani yamekwisha."

"Basi nisije?"

"Njoo. Nikukasirikie ukiwepo."

Akaja. Jumapili iliyofuata pia akaja, akashona mraba juu ya mtoto aliyezaliwa ndani ya teksi. Ile ya tatu alikuwa zamu hakuja, na Kitinda akakasirika kwa hilo pia.